Moyo wa Mjomba Ndani ya Kisanduku cha Sabuni

Mjomba wangu alisema sitaweza hata kufunga kengele kwenye shingo ya mbuzi. Mwalimu wangu wa fizikia alisema mkono wangu ni wa kubebea mizigo, si wa kushikia vitu vidogo. Mtunza stoo wa hospitali alisema vifaa vya kupimia mashine za moyo hutengenezwa Ulaya, kwenye vyumba vya vioo, na mimi nina chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga. Binamu zangu hawakusema sana. Wao walinipiga. Nawataja wote hapa mwanzoni ili ijulikane kwamba nawakumbuka, na kwamba hakuna hata mmoja aliyepatia.

Leo, huku milimani, ukikuta monita ya moyo inayosema kweli, ujue kwanza imeulizwa maswali na kifaa changu. Kiko Lushoto, kiko Mgwashi, na kimeshuka mpaka Mazinde. Nimekitengeneza mimi, kwa mikono hiihii, na wakati nakitengeneza vidole viwili vilikuwa vimevimba kama ndizi mbivu.

Mjomba alinilea baada ya baba kufariki. Alikuwa mpasua mbao msituni Magamba, wa ule msumeno wa watu wawili, yeye juu ya gogo na mimi chini shimoni. Anayesimama chini hula unga wa mbao. Huula kwa macho, kwa pua na kwa mdomo. Akifumba macho msumeno unapinda, na msumeno ukipinda mjomba anashuka. Alishuka na chochote kilichokuwa mkononi. Nina kovu juu ya sikio la kushoto lililotokana na ubapa wa shoka, na jingine mgongoni ambalo mimi mwenyewe sijawahi kuliona, ila wanaoniona nikioga mtoni huacha kuongea.

Siku nilipouacha msumeno katikati ya gogo na kudandia lori la kabichi kwenda Dar es Salaam, alinikimbiza mpaka barabarani.

"Nenda," alisema. "Utarudi umebebwa."

Kariakoo nilianza kwa kulala juu ya makasha ya redio mbovu na kuyalinda. Waliokuja kuyaiba walikuja na nondo. Nilipoteza jino moja, nikawang'oa wao mawili, na mwenye duka akaona kijana wa namna hii afundishwe kazi kabla hajauawa. Nikajifunza redio, nikajifunza simu, nikasoma jioni huku nikipigwa na usingizi na fundi mkuu kwa wakati mmoja, mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa vifaa tiba. Sikusomeshwa na mtu. Ile karatasi niliipandisha mlimani ndani ya begi, nimeifunga kwa nailoni mbili kwa ajili ya mvua ya Soni, na kabla sijaenda kokote nilikwenda kumsalimia mjomba.

"Shikamoo mjomba."

Aliliangalia begi. "Umebebwa?"

"Nimekuja na basi."

"Basi ni kubebwa," akasema, akaendelea kunoa msumeno. Ile shikamoo hakuiitikia.

Hospitali iliyonichukua kwa majaribio ilikuwa na monita kadhaa za moyo, zote za msaada, kila moja na lugha yake na soketi yake. Mganga mfawidhi alikuwa mama mmoja wa Tanga, mfupi, asiyekaa kwenye kiti. Siku ya kwanza nilimuuliza tunajuaje kama mashine hizi zinasema kweli.

"Zinawaka," akasema.

"Hata mwongo anaamka asubuhi, dokta."

Mtunza stoo alicheka. Mama mfawidhi hakucheka. Nikamweleza kwamba monita hupimwa kwa kifaa kinachoigiza moyo. Moyo hutoa umeme mdogo sana, sehemu ya elfu ya volti, wenye umbo lake: kilima kidogo, kichuguu kirefu kama mnara, kisha kilima kingine. Ukiipa mashine umeme wa umbo hilo, unajua mapema inachopaswa kuonyesha. Ikionyesha kingine, inadanganya. Akaniuliza bei yake. Nikamtajia. Akasema kwa fedha hiyo atanunua pikipiki mbili za kufuata wajawazito vijijini, na kikao kikaishia hapo. Hapo ndipo mtunza stoo aliponiambia habari za Ulaya na vyumba vya vioo.

Kisha mjomba akaanguka msituni.

Wanawe watatu walimleta juu ya mbao, nyuma ya pikapu, amezimia, uso una rangi ya majivu. Mimi ndiye niliyesukuma monita mpaka kitandani. Muuguzi akabandika stika kifuani, akachomeka waya, na mstari ukaja vizuri. Akatoa na ukanda wa karatasi wenye mapigo yake. Halafu wakamgeuza mjomba ubavu, na mstari ukalala.

Ulilala kabisa, kama barabara ya Mkomazi kule tambarare. Daktari kijana aliyekuwa zamu hakumgusa mjomba shingoni wala mkononi. Aliangalia kioo. Akapanda juu ya kitanda, akapiga magoti, akaanza kumkandamiza kifuani kwa uzito wake wote. Nimepasua mbao nusu ya utoto wangu, naijua sauti ya ubao unaovunjika kabla ya wakati wake. Ulivunjika wa kwanza. Ukavunjika wa pili.

Mjomba akafumbua macho.

"Nani ananikalia?" akauliza, na kabla hajajibiwa akarusha ngumi. Pua ya daktari ilipasuka. Damu iliruka mpaka kwenye kioo cha monita, ambayo bado ilikuwa inasema mjomba amekufa.

Binamu zangu walikuwa mlangoni. Waliona baba yao amekaliwa, wakasikia mbavu zikilia, wakaingia. Daktari alipigwa mpaka chini ya kitanda. Mlinzi alikuja na kirungu, akanyang'anywa kirungu, akapigwa nacho. Muuguzi alimwagia binamu mkubwa maji ya beseni usoni, ndipo wakapunguza. Mkubwa akajifuta, akauliza kwa utulivu uliotisha kuliko kelele, "Mashine hii anaitunza nani?"

Mtunza stoo alinyoosha kidole.

Walinivuta nje kwa mguu. Ngazi zote nilizihesabu kwa kisogo. Binamu mkubwa alisimama juu ya mkono wangu wa kulia na buti la msituni, akazungusha kisigino kama anayezima sigara, na nikasikia vidole viwili vikiteguka, kimoja baada ya kingine. Nami sikulala tu. Nilimpiga wa pili teke la goti, mpaka leo akishuka mteremko anashuka kwa upande. Lakini walikuwa watatu.

"Mleteni ndani," sauti ya mjomba ilitoka kitandani.

Wakanisimamisha mbele yake. Damu ilikuwa inanitoka puani ikiingia mdomoni.

"Shikamoo mjomba," nikasema, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa.

"Wamenivunja mbavu mbili," akasema. Alikuwa anaongea kwa vipande, kila neno linamchoma. "Kama mashine ndiyo iliyodanganya, onyesha. Tuone kwa macho. Ukishindwa, basi fundi ndiye mwongo. Utalipa mbavu mbili, halafu utashuka Mombo kwa miguu, na huku hatutakuona tena."

"Mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka nitakapoweza kucheka bila kuumia."

Mama mfawidhi alikuwa amefika, amesimama mlangoni na polisi mmoja aliyekuwa anapumua kwa kukimbia. Aliwatoa binamu zangu nje. Kisha akanivuta pembeni, akasema yale yale kwa maneno ya ofisini: nikithibitisha tatizo lilikuwa mashine, mkataba wangu atausaini. Nisipothibitisha, atalazimika kuandika kwamba fundi alipitisha mashine mbovu. Kwa hiyo nilikuwa na mbavu zangu, kazi yangu na mlima wangu, vyote juu ya kitu ambacho hakikuwapo bado.

Nikaanza kuazima.

Mita ya umeme niliazima kwa mwalimu wangu wa fizikia, aliyekuwa bado anafundisha. Aliniangalia vidole vilivyofungwa kwa vijiti, akanipa bila kutania. Chuma cha kuyeyushia risasi, ile ya kuungia nyaya, niliazima kwa fundi simu wa stendi. Kisanduku cha sabuni, cha plastiki nyeupe yenye mfuniko, niliazima kwa mama mwenye nyumba wangu, naye akaniambia kikirudi kinanuka atanihamisha. Chipu ndogo ya kutunza umbo la mapigo nilikuwa nayo, nimetoka nayo Kariakoo. Kilichonisumbua ni mahali pa kushikia zile klipu za waya wa monita. Klipu hizo hung'ata kidude cha chuma chenye kichwa cha mviringo, na vidude hivyo vya kununua ni ghali. Nilipita sokoni, nikiwa na hasira, nikamwona muuza mitumba anafunga koti la ngozi. Tak. Tak. Tak. Vifungo vya kubonyeza. Nikamwomba aniazime koti.

"Unasikia baridi, kaka?"

"Nataka vifungo vyake."

"Na koti nitalivaa mimi wazi kama mhubiri?"

Aliniazima. Vifungo vile viliingia kwenye klipu kama vilizaliwa pamoja. Hakuna mhandisi wa chumba cha vioo aliyewahi kufikiria koti la mtumba, kwa sababu huko aliko hakuna soko la Lushoto na hakuna baridi yetu.

Lilibaki umbo lenyewe la pigo. Ningeweza kuchora la kitabuni, zuri, lililopangwa. Lakini muuguzi alikuwa na ule ukanda wa karatasi wa mjomba, uliotoka kabla mstari haujalala, na huo ndio uliokuwa ushahidi kwamba mashine iliuona moyo wake kisha ikaupoteza. Nikauazima. Mapigo ya mjomba yalikuwa na kilema: matatu yanakwenda sawa, la nne linakuja mapema kama mtu aliyejikwaa, kisha kimya kirefu, kisha yanaanza upya. Nikapima kila mraba wa karatasi kwa rula, nikageuza kuwa namba, nikazitia ndani ya chipu. Juu ya mfuniko nikaweka taa ndogo nyekundu iwake kwa kila pigo, nijue kifaa kinafanya kazi hata pasipo na monita. Nilichomelea kwa mkono wa kushoto. Risasi ya moto ilinidondokea mapajani mara nyingi kuliko ilivyodondokea mahali pake, na niliitukana kwa Kishambaa, ambacho kwa matusi hakina mpinzani.

Tulikutana barazani mwa wodi. Mjomba alikuwa kwenye kiti, kifua kimefungwa bendeji. Binamu walisimama nyuma yake, na yule mkubwa alikuwa na mpini wa shoka usio na shoka. Daktari kijana alikuja na pua iliyobandikwa plasta, akasimama karibu na mama mfawidhi na mbali na mjomba.

Nikachomeka waya uleule wa siku ile, wa monita ileile, kwenye vifungo vya koti, nikawasha. Kioo kikaonyesha vichuguu, kimoja baada ya kingine.

"Kisanduku hiki hakiwezi kufa," nikawaambia. "Kwa hiyo mstari ukilala, aliyesema uongo ni mashine." Nikaushika waya karibu na plagi, nikaukunja kidogo, kama unavyokunjwa mgonjwa anapogeuzwa ubavu. Mstari ukalala. Nikaunyoosha, ukaamka. Nikaukunja, ukalala. Nikachomeka waya wa mashine nyingine, nikaukunja nilivyotaka, na mapigo yakaendelea. Kisha nikachukua kisu, nikaupasua ule waya mbovu mbele yao, nikawaonyesha shaba iliyokatika ndani ya ngozi nzima.

Binamu mdogo akamgeukia daktari. "Kwa hiyo ulimvunja mzee mbavu kwa sababu ya huu uzi?"

"Mapigo yapo hata mkononi," muuguzi akasema, bila kumtazama daktari.

Binamu mkubwa akaegemeza mpini wa shoka ukutani. Nilikuwa nimeshinda, na ningekwenda zangu, ila muuguzi yule, kwa nia njema, akamwinamia mjomba akamwonyesha kioo. "Mzee, unajiona? Huyo ni wewe. Angalia la nne linavyojikwaa."

Mjomba akaweka vidole shingoni mwake. Akasikiliza. Akakitazama kioo, halafu ile taa nyekundu, halafu mimi.

"Umeniweka humu?"

"Ni umbo tu, mjomba. Kama picha."

"Nani alikuruhusu?"

"Mjomba, ni namba. Nimezisoma kwenye karatasi."

"Mimi nina nyundo ya alama," akasema. Wapasua mbao huwa nayo, nyundo yenye alama ya mwenyewe, ya kugonga kwenye kichwa cha gogo lijulikane ni la nani. "Mtu akinakili alama yangu akaigonga kwenye magogo yake, anaitwa nani?"

Binamu mdogo akanijibia. "Mwizi, baba."

"Nitauchukua moyo wangu," mjomba akasema.

Mama mfawidhi aliingilia, akasema kisanduku kinabaki kwa fundi, Jumatatu mashine zote zipimwe, ndipo asaini mkataba. Mjomba hakubishana na mwanamke mwenye ofisi. Aliruhusiwa kwenda nyumbani kesho yake, na Jumamosi wanawe wakaja kwangu. Mlango waliuvunja ingawa haukuwa umefungwa. Kisanduku kilikuwa juu ya kitanda. Nilimgonga mmoja kwa stuli, stuli ikavunjika, na miguu yake wakaitumia kwangu. Walipoondoka nacho nilikuwa naona taa mbili za umeme darini, na chumba kina moja.

Jumapili nilikwenda kanisani na jicho lililofumba. Kwetu, ambaye hana fedha hutoa alichovuna, na ibada ikiisha mazao hayo hunadiwa nje, kwenye nyasi: kabichi, miwa, jogoo amefungwa miguu, kikapu cha mayai. Mzee wa kanisa mwenye sauti kubwa ndiye mnadi. Alikuwa ananadi mkungu wa ndizi mjomba alipojitokeza, anatembea kama amebeba chungu cha maji kichwani, akaweka kisanduku changu juu ya meza, kati ya jogoo na mayai. Taa ilikuwa inawaka.

"Hiki nini, mzee mwenzangu?"

"Moyo wangu," mjomba akasema. "Namtolea Mungu, kabla huyu kijana hajauuza kwa Wazungu."

Watu walicheka sana. Mjomba hakucheka, mbavu zilikuwa bado. Mnadi ni mnadi, akainua kisanduku juu. "Moyo wa mzee, haujatumika sana! Elfu mbili nani?"

"Elfu mbili," nikasema.

"Tatu," akasema mfanyabiashara mmoja wa mboga kutoka Tanga, kwa utani tu, apate cha kusimulia. Nikasema nne, akasema tano. Mfukoni nilikuwa na nne. Nikakishika kisanduku mkononi mwa mnadi.

"Sadaka hainyang'anywi," binamu mkubwa akasema, na ngumi yake ikafika pamoja na maneno.

Nimepigana Kariakoo kwa nondo, sijawahi kupigana kati ya kabichi. Nilimpiga yule mkubwa kwa muwa mzima, ukavunjika shingoni mwake, nikampiga kwa kilichobaki. Wa pili akanirukia, tukaangukia mayai. Jogoo akafunguka, akapanda kichwani mwa mnadi. Mtu alinishika koo kwa nyuma, nikamng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu isiyo yangu. Katika purukushani hiyo kisanduku kilitoka mkononi mwangu, kikagonga jiwe la ngazi ya kanisa, mfuniko ukaruka.

Taa ikazimika.

Mjomba akakaa chini. Hakuanguka. Alikaa taratibu kwenye nyasi, akaweka mkono kifuani, akasema, "Basi." Midomo yake iligeuka rangi. Mke wa mjomba akapiga ukelele, akasema kwa Kishambaa kwamba wamemuua, wameuvunja moyo wake kwenye jiwe. Binamu mkubwa alibaki na ngumi hewani. Hakuna aliyecheka tena, hata yule wa Tanga.

Nilijua moyo wa mjomba uko kifuani kwake. Nilijua pia kwamba mtu anayeamini amekufa anaweza kukamilisha kazi hiyo mwenyewe, hasa mwenye pigo linalojikwaa. Hapakuwa na nafasi ya kumfundisha umeme. Nikapiga magoti kwenye ute wa mayai, nikakiokota. Waya wa betri ulikuwa umeng'oka. Nikauvua ngozi kwa meno, nikauzungushia kwenye chuma chake kwa vidole vilevile vilivyokanyagwa na buti, vilevile vilivyoambiwa haviwezi vitu vidogo, nikaubana kwa kipande cha ganda la muwa usichomoke.

Taa ikawaka. Mara moja. Mara ya pili. Ya tatu. Ya nne ikaja mapema, ikajikwaa. Kisha kile kimya kirefu. Uwanja mzima ulisubiri kiishe, na mimi niliyetengeneza kifaa nilisubiri.

Ikawaka.

Mjomba akavuta pumzi iliyomuumiza mbavu zote mbili. Nikamwekea kisanduku mkononi. Alikishika kama kifaranga.

"Nakiondoa mnadani," akasema.

"Sadaka haiondolewi, mzee," mnadi akasema, jogoo akiwa kwapani. "Hununuliwa."

Mjomba akamwambia mke wake afungue kitambaa, akatoa elfu sita, akaununua moyo wake. Kisha akanitazama. Nilikuwa bado nimepiga magoti, jicho moja limefumba, shati lina viini vya mayai.

"Kesho unautaka kwa ajili ya mashine zako?"

"Naam."

"Basi omba. Siku ile hukuomba."

Ningeweza kumwambia mengi kuhusu shimo, ubapa wa shoka, na nani hakuomba nini kwa nani. Nikasema, "Shikamoo mjomba. Naomba kuazima moyo wako."

"Marahaba," akasema. "Mpaka utengeneze mwingine. Na huo mwingine uweke wako, usiweke wa mtu."

Jumatatu nilizipima monita zote mbele ya mama mfawidhi. Moja ilihesabu pigo la kujikwaa kama mawili. Nyingine ilionyesha moyo hata nilipozima kisanduku, ilikuwa imeachwa kwenye hali ya maonyesho ya kiwandani, inayojichorea moyo wa bandia, na wodi ilikuwa inafurahia afya ya mgonjwa ambaye hakuwa ameunganishwa. Mama mfawidhi aliisikiliza taarifa yangu akiwa amesimama, akausaini mkataba akiwa ameuegemeza ukutani. Mtunza stoo alinipa kiti. Nilikataa, nikasimama kama yeye mama.

Kisha muuguzi akanibandika stika, akatoa ukanda wangu. Pigo langu limenyooka, lina mnara mrefu, halijikwai popote. Nililitia kwenye kisanduku kipya, na ndilo lililomo katika vifaa vyangu vyote tangu hapo. Mashine ya moyo inapojaribiwa Mgwashi au Mazinde, wanaoitazama wanautazama moyo wangu. Sijui kijana mwingine wa shimo la msumeno ambaye moyo wake umefika mbali kiasi hicho.

Kulipa nililipa siku moja, kwa sababu sipendi kudaiwa nusunusu. Mwalimu alirudishiwa mita, nimeiwekea waya mpya, na nikamwomba lile neno lake la zamani kuhusu mkono wangu alirudishe alikolitoa. Alicheka, akalirudisha. Fundi simu alipata chuma chake kimesuguliwa ncha. Mama mwenye nyumba alipata kisanduku cha sabuni kipya, akakinusa. Muuza mitumba nilimrudishia koti lenye vifungo vipya imara kuliko vya zamani, akalivaa palepale, akavibonyeza vyote mbele ya wateja. Muuguzi alirudishiwa ukanda wake, akauweka kwenye jalada la mgonjwa. Binamu mkubwa nilimdai mimi, kwa hiyo nilimngoja nyuma ya kilabu cha pombe, tukamalizana. Alikuwa peke yake na mimi peke yangu. Baadaye tulisaidiana kutafuta kiatu chake.

Magamba nilifika jioni. Mjomba alikuwa kwenye kizingiti, bila bendeji. Nikamwamkia, akaitikia. Nikampa kisanduku cha kwanza, kile chenye ufa, na ganda la muwa bado limo. Akakiweka gotini, akaitazama taa ikienda, moja, mbili, tatu, ikajikwaa, ikanyamaza. Akaweka vidole shingoni akalinganisha kwa muda mrefu. Sikuthubutu kukohoa.

Kisha akaingiza ukucha wake mnene chini ya mfuniko, akaufungua, akaichomoa betri. Taa ikazimika. Alikaa vilevile, anapumua, anatazama msitu.

"Moyo ni wangu," akasema, akaninyooshea mkono. "Betri ilikuwa yako. Chukua."